Kumpiga Picha Mtu Anayejifunza: Somo Kutoka Eldoret

Tarehe 12 Januari 2004, mzee wa miaka 84 aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret, akaketi kwenye dawati pamoja na watoto waliolingana na vitukuu vyake. Jina lake lilikuwa Kimani Ng'ang'a Maruge. Alivaa sare ya shule kama wenzake, yaani kaptula na soksi ndefu zilizofika karibu na magoti, na fimbo yake ya kutembelea aliiweka kando. Haukupita muda mrefu wapiga picha wakafika, na picha za mzee huyo zikaenea katika magazeti ya nchi nyingi. Kitabu cha Guinness, ambacho huandika mambo yaliyopita kiasi duniani, kilimtaja kuwa mtu mwenye umri mkubwa kupita wote waliopata kuanza shule ya msingi.

Watu wengi walioziona picha hizo walitabasamu. Si kwamba walimdharau mzee. Lakini jicho la mwanadamu hukimbilia jambo lisilo la kawaida, na jambo lisilo la kawaida pale lilikuwa uso wenye makunyanzi juu ya sare ya mtoto wa shule. Waliitazama kaptula, wakazitazama soksi, kisha wakafunua ukurasa. Kalamu iliyokuwa mkononi mwake hawakuiona sana.

Katika somo la juma hili twapenda kueleza jinsi ya kumpiga picha mtu anayejifunza kazi mpya, awe mtoto, kijana, mtu mzima au mzee, ili picha ionyeshe kujifunza kwenyewe, si ajabu ya umri wake tu. Zamani jambo hili lilikuwa la wapiga picha wa magazeti na wenye studio. Siku hizi simu yenye kamera imo mfukoni mwa mkulima, mwuza mboga na mwendesha bodaboda, na picha nyingi hupigwa kila siku nyumbani, sokoni na kazini. Kwa hiyo yafaa maarifa haya yawe ya kila mtu.

Sababu ambayo picha haikuonyesha

Mzee Maruge hakwenda shule ili apigwe picha. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950, na utotoni hakupata nafasi ya kusoma. Serikali iliyoshika madaraka baada ya uchaguzi wa Desemba 2002 ilifuta karo katika shule za msingi za umma kuanzia Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Mzee aliona kwamba mlango huo umefunguliwa kwake pia. Alipoulizwa sababu za kuanza shule akiwa na umri ule, alitoa mbili. Ya kwanza, alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, maana alikuwa na shaka kama wahubiri walikuwa wakiisoma sawasawa. Ya pili, alikuwa amesikia kwamba wapiganaji wa zamani watalipwa fidia, naye alitaka kujua kuhesabu fedha zake asije akapunjwa.

Sababu hizo mbili si nyepesi. Mtu asiyejua kusoma humwamini msomaji kwa lazima, si kwa hiari. Akiletewa karatasi atie kidole gumba, hana njia ya kujua kilichoandikwa. Akihesabiwa noti, hutegemea uaminifu wa yule anayezihesabu. Wasomaji wetu wengi wamepata kuwa na mzazi au babu aliyeuza mahindi au ng'ombe kwa namna hiyo, na hasara yake waijua.

Mwalimu mkuu wa Kapkenduiywo, Bibi Jane Obinchu, alimpokea mzee katika shule yake. Mwaka 2005 alifanywa kiranja mkuu, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya faida ya elimu ya msingi isiyo na karo. Picha za safari hiyo nazo zilienea. Kisha zikaja siku mbaya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilizuka Eldoret, mzee akapoteza mali yake, akaishi katika hema kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao. Hata kutoka kambini aliendelea kwenda shule. Katika mwaka 2008 alihamia Nairobi, akakaa katika nyumba ya wazee na kuandikishwa katika shule nyingine huko Kariobangi. Alifariki dunia tarehe 14 Agosti 2009.

Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba italipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Mzee Maruge alikuwa kaburini mwaka wa nne. Hesabu alizojifunza darasani hazikupata kutumika kwa fedha za namna hiyo. Kama alikuwa ameanza kuisoma Biblia yake, hilo ndilo lililobaki kuwa lake.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo msingi wa somo lenyewe. Picha za mwaka 2004 zilionyesha kwamba mzee yumo darasani. Hazikuweza kuonyesha kwa nini. Kama mimi ningekuwa na kamera katika kambi ile ya mahema, nisingeuelekeza uso wa kamera kwenye soksi. Ningeomba ruhusa nilipige picha daftari lake, likiwa wazi juu ya magoti yake, na mkono ukiwa juu ya karatasi. Basi kabla ya kuinua kamera, uliza kwanza kwa adabu: "Mzee, wajifunza nini hapa? Na ni jambo gani lililokufanya uanze?" Jibu atakalokupa ndilo litakalokuambia mahali pa kuielekeza kamera.

Picha niliyoiharibu

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu picha ya namna hii. Shangazi yangu aliuza mboga sokoni Eldoret kwa miaka mingi, na magoti yalipoanza kumsumbua aliamua, akiwa na miaka 58, kujifunza kushona kwa cherehani ya kukanyaga. Fundi mmoja alikubali kumfundisha jioni. Nilipokwenda na kamera nilimkuta ameinama, ameshika kola ya shati la shule kwa vidole viwili, ulimi ameubana kati ya meno, na mguu wake ukikitafuta kikanyagio. Nikaita, "Shangazi, tazama hapa!" Alishtuka, akaiweka kola chini, akafunga kilemba chake vizuri, akakunja mikono mapajani, akanitazama bila kucheka. Nikapiga. Picha ilitoka safi kabisa, nayo ilifanana na ya kitambulisho.

Baada ya miezi kadhaa, alipokuwa amekwisha kuwa fundi wa kutegemewa, nilimpelekea picha hiyo kwa fahari. Aliishika karibu na dirisha, akaitazama kitambo. "Hapa nimekaa tu, mwanangu," akasema. "Kazi iko wapi?" Kisha akafungua sanduku lake akatoa ile kola ya kwanza, ambayo haikuweza kuuzwa kwa sababu upande mmoja ulizidi wa pili kwa upana wa kidole. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiwaonyesha wanawake wa jirani waliokuja kumwuliza kama na wao wataweza. Nikaipiga picha kola. Lakini ule wakati wa vidole na ulimi haukurudi tena.

Desturi ya kumtaka mtu aache kazi na kuitazama kamera ina asili yake. Kamera za kwanza zilihitaji mtu atulie kama gogo; akitikisika, sura hutoka kama ukungu. Filamu nazo zilikuwa ghali. Ile ndogo ilitoa picha 36, na ile pana, katika kamera nyingi, ilitoa 12 tu, hata hakuna aliyependa kupoteza moja. Watu walikwenda studio wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, wakasimama wima. Picha hizo ni za heshima, nasi twazitunza ukutani mpaka leo. Lakini simu haina filamu ya kwisha. Waweza kukaa kimya pembeni, ukapiga picha kumi wakati mtu anaendelea na kazi yake, kisha ukachagua moja.

Mwanga, na mahali pa kusimama

Eldoret iko karibu na Ikweta, katika kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Saa sita za mchana jua huwa karibu na utosi, na macho ya mtu aliyevaa kofia au kilemba huingia katika kivuli kizito. Kwa hiyo picha za nje zipigwe asubuhi, kabla ya saa nne, au alasiri baada ya saa kumi, jua linapoingia kwa upande na kuonyesha mistari ya vidole na mkunjo wa kitambaa. Siku ya mawingu nayo ni njema, ijapokuwa wengi huikimbia, kwa kuwa mwanga wake ni mpole na hauna vivuli vikali.

Ndani ya nyumba, mweke mwanafunzi ubavuni mwa dirisha au mlango ulio wazi. Usimpige picha hali dirisha liko nyuma yake, maana utapata dirisha zuri na mtu mweusi kama mkaa asiye na macho wala mdomo. Sababu yake ni hii: kamera haijui upi ni uso wa mtu na upi ni ukuta. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha huchagua kiasi cha katikati. Ukuta mweupe ukijaa katika picha, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na uso wa mtu hupotea. Taabu hii iliwapata watu weusi kwa miaka mingi, kwa kuwa hata filamu za rangi za zamani na vipimo vya kuzisafisha vilifanywa kwa kufuata ngozi ya Wazungu. Katika simu nyingi za siku hizi, ukigusa kwa kidole sura ya mtu kwenye kioo, simu itaupima mwanga wa mahali pale ulipopagusa. Gusa uso wake, utazame. Kisha gusa ukuta, uone jinsi uso unavyozama. Mtu akiifanya mara moja tu haisahau.

Kisha tazama urefu wako. Anayesoma au kushona huwa ameinama, na ukimpiga picha ukiwa umesimama utapata utosi na mabega. Piga goti, kamera iwe sawa na meza au chini yake kidogo. Kutoka hapo macho ya mtu na mikono yake huonekana pamoja, na hilo ndilo jambo kubwa katika picha ya namna hii. Mkono peke yake ni wa mtu yeyote. Uso peke yake ni kitambulisho, kama nilivyokwisha kusema. Vikiwa pamoja, mtazamaji huona akili ikiufundisha mkono.

Lipo jambo gumu zaidi kuliko mwanga, nalo ni haya. Mtoto hukosea mbele ya watu akacheka. Mtu mzima huona ni fedheha, hasa akikosea mbele ya mtoto au mkwe. Lakini wakati wa kukosea ndio wenye picha bora, maana hapo ndipo mtu anapotafuta. Dawa yake ni kuomba ruhusa kabla, kumwonyesha kila picha baada ya kuipiga, na kufuta mbele ya macho yake ile asiyoipenda. Wala isipelekwe kwa watu wengine kwa simu pasipo neno lake. Mzee aliyechekwa mara moja na kijiji kizima kwa sababu ya picha huenda asirudi darasani, na mpiga picha atakuwa ameiua kazi aliyokuja kuipamba.

Mkunga wa Ndalat

Si mbali na Eldoret, huko Ndalat, alikuwako mwanafunzi mwingine aliyejulikana ng'ambo kwa picha zake. Huyu ni Bibi Priscilla Sitienei, ambaye watoto walimwita Gogo, yaani nyanya, kwa lugha ya Kikalenjin. Habari zake zilienea mwaka 2015, alipokuwa mwenye umri wa miaka 90 na zaidi, akisoma katika shule iitwayo Leaders Vision. Alikuwa mkunga kwa muda wa miaka 65 hivi, na baadhi ya watoto aliokaa nao darasani ni yeye aliyewapokea walipozaliwa. Baadhi ya vilembwe vyake nao walisoma hapo hapo. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 99.

Naye alitaka kusoma Biblia. Lakini alikuwa na shughuli nyingine. Aliwakemea watoto aliowakuta nje ya shule na kuwauliza kwa nini hawasomi, na wakati wa mapumziko aliketi chini ya mti akiwasimulia wanafunzi wenzake hadithi na desturi za zamani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mpiga picha mwenye busara angesimama. Picha ya nyanya akiandika katikati ya watoto ni nzuri. Lakini picha hiyo ikiwekwa karibu na ile ya chini ya mti, mtazamaji aona kwamba elimu ilikuwa ikienda na kurudi. Darasani watoto walimzidi kwa herufi, na chini ya mti yeye aliwazidi kwa karibu miaka themanini. Picha moja isiyo na ya pili ingemfanya aonekane mtu aliyepungukiwa tu.

Hivyo usitosheke na picha moja. Kama mtu anajifunza kazi ya mwezi mzima au mwaka, mpige siku ya kwanza, siku moja ya katikati, na siku anayoifanya kazi bila kusaidiwa, ukisimama kila mara mahali pale pale na saa ile ile. Zikipangwa zikifuatana, mabega ndiyo yatakayosema. Anayeanza huyapandisha mpaka masikioni; aliyezoea huyashusha.

Mpiga picha naye hujifunza

Wapo watakaosema kwamba mikono yao ni mizito na kamera ni ya vijana. Na wafikiri habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kupiga picha akiwa mvulana wa shule huko Dar es Salaam. Picha zake za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984 zilitikisa ulimwengu. Mwezi wa Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa, mlipuko ulimkata mkono wa kushoto. Alikuwa mtu wa miaka 47, mwenye sifa zote ambazo mpiga picha aweza kuzitamani, naye hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Akafungiwa mkono wa bandia, akajifunza upya kushika kamera, kuielekeza na kuitumia, kama mwanagenzi. Alifanya kazi hivyo mpaka alipokufa tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Picha za kumsaidia mwanafunzi

Hadi hapa tumesema juu ya picha za kutazamwa na wengine. Iko faida nyingine, ambayo mimi naiona kubwa zaidi: picha yaweza kuwa kitabu cha mtu asiyejua kusoma bado.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Uasin Gishu anayejifunza kubebesha miche ya parachichi. Mwalimu hukata kichwa cha mche, akaupasua katikati. Huchonga kikonyo cha mti mzuri kiwe kama kabari. Hukisukuma ndani ya ule ufa hadi utando wa kijani ulio chini ya gamba ukutane na mwenzake, walau upande mmoja. Kisha hufunga kwa utepe wa nailoni ili maji yasiingie na pasikauke. Kwa maneno, mambo haya husahaulika kabla mtu hajafika nyumbani. Kwa picha nne zilizopigwa karibu sana, kila moja ikionyesha kisu, vidole na kikonyo, mkulima aweza kukaa peke yake bustanini na kujikumbusha. Picha ya tatu ndiyo muhimu kupita zote, maana utando usipokutana kikonyo hufa, na hilo halionekani ila ukisogea karibu.

Mfano wa pili uko mikononi mwa kila mtu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, mamilioni ya watu wazima wamejifunza kazi ambayo babu zao hawakuijua, yaani kupeleka na kupokea fedha kwa simu. Wengi waliifundishwa na watoto wao, jikoni au chini ya mwembe, na karibu hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kupigwa picha. Hata hivyo ni shule kweli kweli. Hofu ya Mzee Maruge imo humo nzima, maana nyanya asiyeweza kufuata hatua zile mwenyewe hana budi kumpa mtu mwingine simu pamoja na nambari yake ya siri, na siku moja huenda akaambiwa kwamba fedha hazikufika.

Mwenye nyanya wa namna hiyo na ampige picha kila hatua: mahali pa kubonyeza kwanza, mahali pa kuandika nambari ya mpokeaji, mahali pa kuandika kiasi, na ule ujumbe unaoonyesha jina la mpokeaji, ambao ni lazima autazame kabla ya kukubali. Huduma hiyo yaweza kuwekwa katika Kiswahili, na yafaa iwekwe kabla ya kupiga picha hizo. Picha zichapishwe kwenye duka la picha, zibandikwe kwa mfuatano kwenye karatasi ngumu. Hatua ya nambari ya siri isipigwe picha kamwe. Acha nafasi tupu mahali pake, nyanya atajua maana yake. Na ukitaka kuwa na picha yake mwenyewe akijifunza, simama mbele yake, si nyuma ya bega lake, ili kioo cha simu kimwelekee yeye. Utaona kidole gumba, na utaona macho.

Maneno ya chini ya picha

Picha isiyo na maneno huwa yatima baada ya miaka kumi. Andika jina la mtu kama apendavyo kuitwa, umri wake akikubali, mahali, tarehe, kazi anayojifunza, na sababu. Sababu ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Lau ningepewa picha ya Kapkenduiywo niandike chini yake, ningeandika hivi: "Mzee Kimani Maruge, miaka 84, darasa la kwanza, Eldoret, Januari 2004. Ajifunza herufi ili aisome Biblia mwenyewe, na hesabu ili azihesabu fedha zake mwenyewe." Hapana haja ya kuongeza neno la ajabu wala la sifa. Kama picha imechapishwa, yaandike maneno hayo nyuma yake kwa mkono mwepesi, kwenye ukingo, ili kalamu isitokeze upande wa mbele. Kama iko katika simu tu, yaandike katika daftari pamoja na tarehe, maana simu hupotea, huanguka katika ndoo ya maji, na huibwa.

Zoezi la juma hili: mtafute mtu mmoja nyumbani kwako au kazini, mwenye umri unaozidi wako, ambaye anajifunza jambo ambalo hakulijua mwaka jana. Liwe dogo kama kuendesha baiskeli, kuoka mkate katika jiko la mkaa, au kuandika jina lake. Mwulize maswali mawili tuliyoyataja hapo juu. Keti naye nusu saa bila kutoa kamera, mpaka asahau kwamba umeleta. Kisha piga picha tatu tu, kana kwamba filamu yako inakwisha, na umwonyeshe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.